Ini la Zambarau

Nilichaguliwa kwa sababu ya mbavu. Katika darasa letu lote la wanafunzi wa ambulensi, pale Nakuru mwanzoni mwa miaka ya sabini, hakuna mwingine ambaye mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa umesimama mlangoni. Mwalimu wetu alikuwa daktari, Kalasinga mrefu aliyekulia kwenye gereji ya baba yake, na Kiswahili chake alikiokota huko huko kwa makanika. Moyo aliuita pampu. Figo aliziita chujio. Na zile sehemu ambazo mtu aliyelelewa vizuri huzitaja kwa kuzunguka, yeye alizitaja kavu kavu kama anayeomba spana, na sisi tukiangalia sakafu.

Hatukuwa na maiti ya kusomea. Tulikuwa na mifupa ya mtu mmoja iliyoning'inia kwenye ndoano, haina mkono wa kushoto, na chati ya ukutani iliyoliwa na mende kuanzia kitovuni kwenda chini. Mifupa tuliijua vizuri. Mimi niliikariri njiani kila asubuhi nikitoka Bondeni, natamka majina yake ya Kizungu kwa sauti, mpaka akina mama wa mboga wakaanza kuulizana kama kijana wa fundi viatu amerukwa na akili. Kilichotushinda ni vitu vya ndani. Unaweza kujua jina la wengu na kazi yake, na bado usijue uweke mkono wapi mgonjwa anapolia. Daktari aliliona hilo na likamkera. Alisema mwili si karatasi, akatembeza macho darasani, yakatua kwangu.

"Wewe wa mbavu. Kuja hapa, toa shati."

Ndani ya shati nilikuwa nimevaa fulana yenye matundu mengi kuliko kitambaa. Nyuma ya darasa walikuwa wameketi wasichana watatu wa unesi waliokuja kusikiliza. Niliivua ile fulana haraka na kuifinyanga kwenye kiganja, nikidhani nikiificha vizuri hawataiona, kumbe wote walikuwa wameshaiona na sasa walikuwa wanaona kilichokuwa chini yake. Mmoja alikohoa ili asicheke. Mpaka leo nikisikia mwanamke anakohoa hivyo, mkono wangu huenda kifuani kushika vifungo.

Daktari alijaribu chaki, ikaanguka na jasho. Alijaribu kalamu, ikanitekenya. Basi akachukua ile dawa ya zambarau wanayopakwa watoto wachanga wenye vidonda vya mdomo, akachovya pamba iliyofungwa kwenye kijiti, akaanza kunichora. Mapafu. Moyo, umeegemea kushoto. Tumbo, wengu, utumbo ukizunguka kitovu. Ini alilijaza rangi lote, upande wa kulia, kwa sababu alisema ndicho kiungo kikubwa na watu hawakiheshimu. Kisha akawaita wenzangu mmoja mmoja waje waweke mikono. Walikuja na vidole vya baridi. Zamu ya ini ilipofika, daktari alisukuma vidole vyake mwenyewe chini ya mbavu zangu akaniambia nivute pumzi.

Alisema ini la mtu mzima asiye na ugonjwa limejificha juu, huligusi. Akivuta pumzi likashuka kukutana na vidole, au ukikuta kitu kigumu hapo, jua kuna taabu. Hayo niliyasikia huku nikicheka kwa kutekenywa, na darasa zima likicheka nami, au likinicheka.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi tulikuwa tunakwenda Gilgil kuniposea mke.

Nilikuwa nimedhani sabuni ingetosha. Mtu yeyote aliyewahi kumpaka mtoto dawa ile angenicheka. Nilijisugua kwa sabuni ya mche, kwa mafuta ya taa, kwa ndimu, na mwishowe kwa lile jiwe la kusugulia nyayo. Ngozi ilichubuka na ini likabaki. Nikajiambia shati lina vifungo, na hakuna mtu anayevuliwa nguo kwao msichana. Niliazima shati jeupe la mwenzangu, nikalifunga mpaka kooni.

Msichana mwenyewe alikuwa akiuza vitambaa kwenye duka la Mhindi mjini. Kwao walikuwa na shamba dogo juu ya Gilgil, ng'ombe wachache wa maziwa, kondoo na mbwa wengi. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na koti zito hata jua likiwaka. Mama yake sikumwona siku hiyo tulipofika, na sikutakiwa kumwona. Katika lugha ya mama yangu, neno la mkwe na neno la haya yametoka shina moja, na watu wa kule hawakulichukulia hilo kama maneno tu. Mkwe hampi mama mkwe mkono, hali mbele yake, na akikutana naye njiani mmoja wao huacha njia. Nilifundishwa hayo kabla sijafundishwa kusoma. Baba yangu mdogo, aliyekuwa msemaji wetu kwa sababu baba alikuwa na kigugumizi, alinirudilia yote tulipokuwa tukipanda kilima, kana kwamba ningesahau. Alipofika mlangoni akasalimu kwa sauti kubwa, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na wazee wakafurahi.

Kwao, mposaji huchinja mbuzi mwenyewe akisaidiwa na ndugu za msichana, wazee wakitazama kutoka mbali wakijifanya hawatazami. Mtu asiyejua kupasua mnyama hatajua kumgawa, na asiyejua kugawa ataanzaje kuwa na nyumba? Ndugu zake waliniambia nitoe shati nisiliharibu. Nikasema sina haja. Wakasema tena. Nikasema ninahisi baridi, na jua lilikuwa la saa saba. Wakaanza kunitania kwamba kijana wa mjini anaogopa damu, na mwingine akauliza kama huko kwenye ambulensi huwa nafumba macho. Nikaongeza kasi ili kuwaonyesha. Nilipofika kwenye tumbo nilizamisha kisu kuliko inavyotakiwa, na majani mabichi yote aliyokula mbuzi tangu asubuhi yakaruka yakanitapakaa kutoka shingoni hadi kiunoni.

Kaka yake mkubwa hakuniuliza. Alinivua lile shati kama anavyovuliwa mtoto aliyeanguka matopeni.

Mtoto mmoja alikimbia. Mzee mmoja aliyekuwa akitazama kwa kujificha alisimama wima na kuuliza, kwa sauti ya chini, kama nilikuwa nimekula kiapo, na cha nani. Mwingine alitaka kujua ni mganga wa wapi. Nilisimama pale na mapafu yangu na utumbo wangu nje, nikinuka tumbo la mbuzi, na baba yangu mdogo akajifunika uso kwa kofia. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaeleza kwamba ni masomo, kwamba nimechorwa na daktari, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mwongo.

Aliyeniokoa ni baba mkwe, ikiwa kuokolewa ndiko kule. Alikuja polepole, akanitazama, akaomba aonyeshwe ini ni lipi. Nikamwonyesha. Akainua ini la mbuzi kutoka kwenye majani ya mgomba, akaliweka karibu na langu, akasema daktari alikuwa amenipunja. Wazee wakacheka hadi wakashikana mabega. Basi ikawa mchezo. Wakaniuliza figo, wakaniuliza bandama, wakabishana mbavu za mbuzi ni ngapi na zangu ni ngapi, nami nikageuzwa huku na huku. Ndugu mmoja alikata kipande cha pafu la mbuzi kilichojaa malengelenge ya maji, akawatupia mbwa, na mbwa wakakigombania. Nilicheka pamoja nao kwa sababu sikuwa na la kufanya. Moyoni nilikuwa nikisema, hawa hawatanipa binti yao, na wakinipa watanicheka mpaka nizikwe.

Nyama ilipowekwa motoni wazee walirudi kwenye mazungumzo na mimi nikaambiwa nikajisafishe nyuma ya jiko, ambako palikuwa na karai la maji na ua wa mabua. Shati langu lilikuwa limeshachukuliwa kufuliwa. Nilikuwa nikijimwagia maji niliposikia mtu upande wa pili wa ua.

"Usigeuke," sauti ya mwanamke ilisema, kisha ikasema, "Hapana, geuka. Lakini usinitazame."

Nilijua ni mama yake msichana. Nilitaka kukimbia, lakini ningekimbilia wapi kifua wazi? Niligeuka nikaangalia miguu yangu. Kati ya mabua kulikuwa na mwanya, na katika mwanya ule kijiti cha kuni kikaingia taratibu, kikasimama kabla hakijanigusa.

"Hii kubwa chini ya mbavu ni nini?"

"Ini, mama."

Kijiti kikasogea kidogo, kikasimama pale pale daktari alipokuwa amesukuma vidole vyake.

"Mimi niko na kitu hapa. Ilikuwa kama yai. Sasa ni kama ngumi."

Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu kitinda mimba wake alipoacha kunyonya, na huyo kitinda mimba ndiye aliyekuwa amekimbia aliponiona, naye alishaanza shule. Nikamwuliza kama kinauma. Akasema wakati wa kuinama kukamua, na wakati wa kulala. Nikamwuliza nani anajua. Kijiti kikarudi nyuma.

"Wewe," alisema. "Na usiseme kwa mtu. Mtu atauliza ulijuaje, na mimi nitajificha wapi?"

Akapitisha shati juu ya ua, bado bichi, akaondoka. Ukisikia Waswahili wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, unafikiri ni maneno ya kumtisha mtu mkaidi. Yule hakuwa mkaidi. Alikuwa mwanamke mwenye adabu, na adabu yake ilimruhusu kusema na mchoro tu. Kama ningekuwa msafi kama nilivyotaka, angeendelea kunyamaza.

Nami nikanyamaza. Niseme ukweli wangu wote: siku ile nilikula, nilikunywa, nilisikiliza baba yangu mdogo akisifiwa kwa msemo wake, nikaona mambo yanakwenda vizuri ajabu, na nikaogopa kuyavuruga. Nilijiambia mimi ni mwanafunzi tu. Mbwa walikuwa wamelala wameshiba karibu na mlango wa jiko, na mtoto mmoja amewalalia kichwa kama mito.

Jumatatu nilimngoja daktari baada ya kipindi. Nilimweleza kana kwamba ni habari ya mgonjwa niliyesikia mahali. Alisikiliza akisafisha miwani, akaniuliza swali moja tu, kama nyumbani kwake huyo mama kuna mbwa. Nikasema wengi. Akauliza kama wanalishwa matumbo ya wanyama. Nikakumbuka lile pafu lenye malengelenge, na mbwa, na yule mtoto aliyewalalia, nikasema ndiyo. Akanieleza kwamba kuna mdudu hutoka kwa kondoo na mbuzi kwenda kwa mbwa, na kwa mbwa kwenda kwa mtu, akafika kwenye ini na kujenga mfuko wa maji. Mfuko hukua taratibu, miaka na miaka. Unaweza kupasuliwa ukatolewa. Lakini ukipasukia ndani, kwa kuanguka, kwa kupigwa teke na ng'ombe, mtu anaweza kufa kabla ambulensi haijawashwa.

"Huyu mama ni nani?" aliuliza.

Nikamwambia ni mama wa msichana ninayetaka kumwoa. Hakucheka. Aliniambia nimlete, na upesi.

Kurudi kwa wakwe peke yako, bila msemaji, bila kuitwa, kabla posa haijafungwa, ni kitu ambacho kwetu hata mlevi hafanyi. Nilimkuta baba mkwe barabarani na mikebe yake ya maziwa akisubiri lori. Nilishukuru kwamba sikulazimika kuingia boma. Nilimsalimu, nikazungumzia mvua, nikazungumzia bei ya maziwa, na yeye akanitazama kama mtu anayejua kwamba kijana hakuja kilomita zote hizo kuzungumza mvua. Nikamwambia. Nikamwambia mkewe ana uvimbe ubavuni na anahitaji kuja hospitali.

"Nani amesema?"

"Mwenyewe, mzee."

"Alikuonyesha mwili wake?"

"Hapana. Alinionyesha kwa mwili wangu."

Lori likafika. Alipakia mikebe yake mmoja mmoja, akakataa nimsaidie. Lilipoondoka aliniambia niende nyumbani, kwa sauti ile ile ya kawaida, akapanda kilima bila kugeuka. Nilibaki barabarani nikijiona mwizi. Sikuwa nimemgusa yule mama, sikuwa nimemwona hata uso, lakini nilikuwa nimeingia mahali ambapo mume wake hakuwa ameingia, na nilikuwa nimekuja kumwambia hivyo barabarani, mbele ya mikebe ya maziwa. Msichana alipopata habari hakusema nami. Nilipita nje ya duka la vitambaa akajifanya anapima kitambaa, na hakukuwa na mteja. Baba yangu mdogo alisema amemaliza kazi ya kunisemea, nijisemee mwenyewe kwa kuwa nimejua.

Mzee na mkewe walikuja wiki iliyofuata. Sikuambiwa. Nilikuwa wodini na wenzangu, tumeuzunguka mguu wa mtu aliyevunjika, daktari alipotuita kitanda cha mwisho akituambia kuna ini tutakalolikumbuka maisha yetu yote. Niliona kitambaa kimevutwa juu ya uso kabla sijaona kitu kingine. Wenzangu walikuwa tayari wanapasha vidole moto. Nilimwendea daktari sikioni nikamwambia huyo ndiye mama mkwe. Akanitazama, akamtazama yule mama na kitambaa chake.

"Kwetu ni mke ndiye anafunika uso, baba ya bwana akiingia," alisema polepole. "Nenda nje. Na nyinyi, mikono mfukoni. Mmoja tu atashika, na huyo ni sista."

Nitasema mapema kwamba alipasuliwa na akapona, na aliishi akaona wajukuu, ingawa hakuna siku aliyowahi kuketi chumba kimoja nami. Binti yake tulioana. Mbwa walipunguzwa, na matumbo ya wanyama yakawa yanafukiwa. Nasema mapema kwa sababu si kifo kinachonirudisha kwenye benchi lililokuwa nje ya chumba cha upasuaji.

Siku ya kupasuliwa baba mkwe alikuwa ameketi pale na koti lake. Nilisimama mbali. Aliniita kwa kichwa. Nikaketi mwisho wa benchi, nikingoja matusi ambayo nilijua ninastahili na ambayo kwa kweli nilikuwa nikiyatamani, maana yangemaliza mambo. Badala yake alifungua koti. Kisha akaanza kufungua vifungo vya shati, cha kwanza, cha pili, mpaka cha mwisho. Mzee wa kanisa, mwenye mvi, kifua wazi katika ujia wa hospitali, manesi wakipita.

"Nionyeshe ni wapi," alisema.

Sikujua kama ninaruhusiwa. Niliweka vidole chini ya mbavu zake za kulia, nikamwambia avute pumzi, jinsi nilivyofundishwa. Hapakuwa na kitu, ini lake lilikuwa limejificha mahali pake. Aliuondoa mkono wangu taratibu akaweka wake, akabonyeza, akatafuta, akabonyeza tena.

"Upande huu?"

"Huu, mzee."

"Kama ngumi?"

"Kama ngumi."

Alikunja ngumi yake, akaitazama, akaiweka pale pale juu ya ngozi na kuiacha hapo. Hakunitazama aliposema.

"Tukilala mkono wangu huwa hapa. Yeye huutoa. Miaka yote hiyo mimi nilifikiri amenichoka."